Rock ya chumbani Ilazo: gitaa linatoweka kwenye bajaji, besi linapasua sabufa. Nakosea wapi?

#1 Kamba Sita, Ijumaa saa 3:40 usiku

Wakuu habari za humu.

Niko Ilazo, Dodoma. Tuna bendi ya watu watatu ambayo kwa sasa ni watu wawili na kompyuta, maana mpiga dramu wetu alipata uhamisho wa kikazi kwenda Kigoma akaondoka na dramu zake. Tunapiga rock. Najua mtasema nini. Jirani aliwahi kugonga mlango kuuliza kama kuna mtu anapigwa. Tuendelee.

Tumerekodi wimbo mmoja nyumbani, dakika 4 na kitu. Saundi kadi ya njia mbili, maiki moja ya dainamiki, gitaa na besi vinaingia moja kwa moja kwenye kompyuta halafu natumia ampu za programu. Dramu nimeziandika kwa mausi. Narekodia Reaper, ile programu unayopewa siku 60 za kujaribu. Chumba ni mita 3 kwa 3, ukuta wa bloku, chini vigae, juu jipsam. Kitanda na kabati vimekula kuta, kwa hiyo meza na kiti viko katikati kabisa ya chumba. Spika za studio mbili za inchi 5, nimenunua kwa mtu.

Gitaa nimelipiga mara moja tu, nikalikopi, moja kushoto mwisho, nyingine kulia mwisho, nikaweka na plagini (kiprogramu cha kuongezea) ya kutanua sauti. Humu chumbani, wakuu, gitaa linatoka nje ya ukuta. Nikajiona nimemaliza.

Jana nimepanda bajaji kwenda Majengo, nikamwomba dereva aniunganishie bluetooth. Gitaa halipo. Sisemi liko chini. HALIPO. Nasikia sauti yangu, kiki, besi, na kitu kama nyuki aliyefungiwa kwenye chupa. Dereva akaniuliza kwa upole, "Kaka, hii ni kaswida ya wapi?"

Jioni nikaenda kwa dada yangu Nkuhungu, ana sabufa. Huko gitaa lipo kidogo, lakini kila besi linapogusa uzi wa A bila kubanwa, vikombe kabatini vinacheza. Noti nyingine kawaida tu. Akaniambia nizime.

Nimeongeza, nimepunguza, nimeweka kompresa tatu, zile za kubana sauti kubwa ikaribiane na ndogo. Nikitengeneza hiki kinaharibika kile. Nakosea wapi? Msinitukane sana, huu ni mwezi wa nne tangu nianze.

#2 Mchawi wa Bati, saa 3:52 usiku

Bajaji imekataa dhambi. Nimekaa hapa kwenye ngazi nasubiri wajuvi.

#3 Ng'ombe Mkongwe, saa 4:05 usiku

Piga singeli mdogo wangu. Rock ya Dodoma utamuuzia nani?

#4 Kamba Sita, saa 4:11 usiku

Zambia miaka ya 1970 walikuwa na rock yao mpaka ikapewa jina, Zamrock. Nairobi wapo wanaopiga mpaka leo. Turudi kwenye mada mkuu.

#5 Kinanda Kibovu, saa 4:20 usiku

Tatizo dogo hilo kiongozi. Pandisha besi, mpandishie gitaa sauti za juu, halafu mwishoni weka limita, kile kizuizi cha vilele vya sauti, uisukume mpaka taa nyekundu iguse. Mimi huwa naweka na riverbu (mwangwi) kwenye masta, ile treki kuu, wimbo unakuwa kama uko uwanjani. Na hizo inchi 5 ni za watoto, tafuta inchi 8.

#6 Mzee wa Kanda, saa 4:47 usiku

Kijana, kabla hujafanya hata kimoja kati ya hayo, nijibu kwanza. Samahani Kinanda, sina ugomvi na wewe, ila mgonjwa hajapimwa.

Ile bajaji ina spika ngapi zinazofanya kazi? Na kwenye Reaper, treki kuu ina kitufe cha mono, kinachounganisha kushoto na kulia kuwa sauti moja. Kibonyeze wimbo ukiwa unacheza, uniambie gitaa linafanya nini.

#7 Kamba Sita, saa 4:55 usiku

Shikamoo mzee. Bajaji ina kispika kimoja cha bluetooth, kimefungwa kwa mpira nyuma ya kiti cha dereva. Nimebonyeza mono sasa hivi.

Limezimika kama taa umeme ukikatika. Mzee umeniroga?

#8 Mzee wa Kanda, saa 5:30 usiku

Marahaba. Umejiroga mwenyewe, ila ni uchawi mwepesi.

Spika inajua kazi mbili, kusukuma hewa na kuivuta. Plagini uliyoweka, na ziko nyingi za tabia hiyo, imechukua kopi ya kulia ikaigeuza. Pale ya kushoto inaposema sukuma, ya kulia inasema vuta. Ukikaa kati ya spika mbili, sikio linachanganyikiwa lisijue gitaa liko wapi, na huko kuchanganyikiwa ndiko unakokuita upana. Sasa zipeleke zote mbili kwenye kispika kimoja cha bajaji. Watu wawili wanasukuma mlango mmoja, mmoja yuko ndani mwenzake yuko nje, nguvu sawasawa. Mlango haujongei. Yule nyuki wako ni mabaki: bila shaka uliipa kila kopi ikwalaiza yake (ya kupandisha na kushusha sauti nene na nyembamba), kwa hiyo hazikufutana zote.

Mafundi huita hilo tatizo la fezi. Na ninajua wazo litakalokujia sasa, maana humjia kila mtu: niondoe plagini, nisogeze kopi moja mbele kidogo. Usisogeze. Ukiichelewesha kopi kwa milisekunde 10, ukija kuzijumlisha kwenye mono unapoteza Hz 50 (mitetemo 50 kwa sekunde), unapoteza 150, 250, 350, na kuendelea hivyo. Sauti inabaki kama kitana, jino, pengo, jino, pengo. Hiyo ndiyo sauti ya bomba mnayoisikia kwenye rekodi nyingi za chumbani.

Dawa ni kulipiga gitaa mara ya pili. Shika gitaa, anza mwanzo wa wimbo mpaka mwisho, treki mpya. Ya kwanza peleka kushoto, ya pili kulia. Mkono wa mtu haurudii kitu kilekile, na tofauti hizo ndogo ndizo upana wa kweli. Bajaji haiwezi kuzifuta.

Nikuongezee la kizee. Mimi nililelewa na dansi. Sikiliza kina Mlimani Park na Msondo, rekodi za Redio Tanzania, bendi nzima chumba kimoja, maiki za kuhesabu. Mbona unasikia gitaa la solo, unasikia la rizimu, unasikia besi, na hakuna linalomkanyaga mwenzake? Kwa sababu rizimu hakupiga alichopiga solo. Walikuwa wamekwishamiksi kwa vidole kabla fundi hajagusa kitu. Kwa hiyo hata hiyo treki ya pili, kwenye kiitikio jaribu kushika kodi zilezile juu zaidi kwenye shingo ya gitaa.

#9 Binti wa Zuzu, Jumamosi saa 1:15 asubuhi

Kabla hamjaanza, Zuzu ni mahali, siyo tabia.

Mzee amemaliza la gitaa, mimi napiga besi kwa hiyo nachukua la vikombe. Kamba Sita, umelitaja jibu wewe mwenyewe kwenye post ya kwanza na hakuna aliyeliona. Kiti chako kiko katikati ya chumba.

Tupige hesabu pamoja. Sauti inasafiri kama mita 340 kwa sekunde. Chumba cha mita 3, wimbi refu kuliko yote linaloweza kutulia kati ya ukuta na ukuta lina urefu wa mita 6, mara mbili ya chumba. 340 gawa kwa 6, unapata karibu Hz 57. Uzi wa A wa besi ukiwa wazi ni Hz 55. Umeiona? Na hilo wimbi linajazana kwenye kuta, ila katikati ya chumba linakufa. Chumba chako ni mraba, kwa hiyo pale ulipokaa linakufa kwa urefu na linakufa kwa upana. Hukuisikia A, ukapandisha. Hukuisikia tena, ukapandisha tena. Dada yako ndiye aliyelipa deni.

Usiniamini. Rudia noti hiyo moja tu, A wazi, halafu inuka utembee mpaka kona ya chumba.

#10 Kamba Sita, saa 1:40 asubuhi

Nimesimama kona ya kabati.

Mungu wangu.

#11 Mchawi wa Bati, saa 1:44 asubuhi

Jumamosi saa moja asubuhi. Jirani naye ameisikia A.

#12 Kamba Sita, saa 2:10 asubuhi

Dada, nikinunua zile trei za mayai nikabandika ukuta mzima itasaidia? Kuna jamaa Makole kafanya hivyo studio kwake.

#13 Binti wa Zuzu, saa 2:31 asubuhi

Mayai yale kwa chapati, trei zitupe. Trei zinapunguza kidogo sana mwangwi wa juu, na kwa besi ni sawa na kubandika kalenda.

Godoro lisimamishe nyuma ya mgongo wako unapomiksi, mablanketi mazito pembeni, hilo litaua ule mlio wa vigae unapopiga makofi. Hz 57 godoro halitaigusa, tusidanganyane. Kwa hiyo sogeza kiti. Meza isogelee ukuta mmoja, kichwa chako kiwe kama mita moja na robo hivi kutoka ukuta huo. Siyo dawa kamili, chumba cha mraba ni chumba cha mraba, ila utakuwa umetoka shimoni. Kitanda kitajua pa kwenda.

Na besi lako lishushe mpaka lilipokuwa kabla hujaanza kuhangaika. Kisha liangalie kwa macho pia, ile grafu ya masafa kwenye ikwalaiza ya Reaper haina chumba.

#14 Kinanda Kibovu, saa 3:05 asubuhi

Kwa hiyo mimi wa inchi 8 nilikuwa nampeleka shimoni na jembe kubwa zaidi. Sawa. Naendelea kusoma.

#15 Kamba Sita, Jumapili saa 2:20 usiku

Mrejesho. Kitanda kimehamia kwenye mlango, kuingia unapita ubavu.

Nimejaribu kupiga gitaa mara ya pili. Wakuu, ndipo nilipogundua kwamba sijui rifu yangu mwenyewe, kile kipande cha gitaa kinachojirudia. Treki ya kwanza kwenye ubeti wa pili nilikuwa nawahi, nikifuata kosa lile linanivuruga, nisipolifuata magitaa yanagongana kama sahani. Nimefuta zote mbili. Nimekaa na mdundo wa kuhesabu jana na leo, kwanza polepole, midundo 90 kwa dakika, ndipo nikapanda mpaka 132 ya wimbo. Sasa ninazo mbili.

Ila kuna mngurumo. Mmmmmm, haukatiki. Upo hata nisipopiga.

#16 Fundi wa Kwaya, saa 2:48 usiku

Mimi ni mtu wa mitambo kanisani, la mngurumo niachieni. Chomoa chaja ya laptop, rekodi kwa betri. Ukinyamaza, basi umeme ulikuwa unapitia huko, na nyumba nyingi hizi waya wa kushusha umeme ardhini haupo, au upo kwenye ramani tu. Ukibaki? Basi geuka na gitaa lako taratibu kama unatafuta mtandao wa simu. Gitaa lenye pikapu za koili moja linadaka Hz 50 za umeme kutoka kwenye taa na transfoma, kuna upande mmoja wa chumba ambako litanyamaza. Rekodi ukiangalia upande huo.

Tafadhali usije ukang'oa mguu wa tatu wa plagi kama wanavyofanya wengine. Huo mguu ndio unaokulinda usife.

#17 Kamba Sita, saa 3:02 usiku

Ilikuwa chaja. Ameen.

#18 Binti wa Zuzu, saa 3:30 usiku

Kwa kuwa unarudia, rudia vizuri. Punguza distosheni, ule mkwaruzo wa gitaa. Chukua kiasi unachokipenda ukiwa peke yako, kishushe karibu theluthi. Magitaa mawili yakikutana distosheni zinajumlishana, na ukizidisha unapoteza ule mlio wa kalamu ya gitaa (piki) inapogusa uzi, inabaki shhhhhh. Rock nzito unazozisikia zina distosheni ndogo kuliko unavyodhani.

Kisha kata chini ya gitaa. Uzi mnene wa gitaa ni Hz 82, wa besi ni 41. Kilicho chini ya 80 kwenye treki ya gitaa ni vumbi, ondoa, mimi hukata mpaka 100. Halafu kati ya 200 na 400 ndiko matope ya rekodi za nyumbani yanakokaa. Punguza desibeli 2 au 3 hapo, usichimbe kisima.

#19 Kinanda Kibovu, saa 3:41 usiku

Hapo dada nakupinga. Nimejaribu kwangu sasa hivi. Gitaa limekuwa jembamba kama la mtoto.

#20 Binti wa Zuzu, saa 3:58 usiku

Umelisikiliza peke yake, si ndiyo? Usilisikilize peke yake. Washa besi. Halafu fanya kinyume: acha magitaa, zima besi. Ule unene uliokuwa unausifia kwenye gitaa umeondoka na nani?

Bibi yangu alikuwa mpiga muheme. Wasioijua, hiyo ni ngoma ya akina mama wa Kigogo, wanaibana mapajani, zipo za ukubwa tofauti. Ukisimama karibu na mama mmoja unaweza kusema huyu mbona anapiga kitu kidogo hivi, tena kimechomekwa pasipo mahali pake. Rudi nyuma hatua ishirini usikie zote. Kila mmoja ana kipande chake, na hakuna anayejaza pengo la mwenzake hata kama mkono unamwasha. Mimi nilijifunza besi huko kabla sijashika besi.

Kamba Sita, besi lako ligawe treki mbili. Moja isafishe, ikate juu ya 200 hivi, hiyo ndiyo sakafu. Nyingine ikate chini ya 200, itie distosheni ya wastani, ichanganye mpaka uanze kuisikia kwenye simu. Spika ya simu haiwezi kutoa Hz 55, ila ikitoa zile za juu yake, 220, 275 na 330, sikio linajijazia lenyewe kilichokosekana. Ukimaliza rudi kwenye kitufe cha mono, zile treki mbili zisije zikaanza kufutana nazo.

#21 Vijiti vya Ujiji, Jumatatu saa 12:30 jioni

Habari zenu. Mimi ndiye yule wa "aliondoka na dramu zake". Nimeuona uzi huu kwa bahati. Dramu zilikuwa zangu.

Nimefungua faili ulilonitumia. Kaka, umeandika dramu za mtu mwenye mikono minne, kuna mahali anapiga haihati, simbali, sneya na tomu kwa pamoja. Na kila pigo ni 127. Kipimo ni 1 mpaka 127, umemweka jamaa kwenye nguvu zake zote kwa dakika nne, angekuwa mtu tungekuwa tunazika. Sneya kuu weka 105 hadi 120, ipande na kushuka. Yale mapigo madogo katikati, 30 mpaka 50. Haihati pigo zito, pigo jepesi, zito, jepesi. Ukifanya hilo hutahitaji kompresa kuipa uhai, maana uhai utakuwa umo.

Na kwenye ubeti nyamazisha simbali. Mimi ningenyamaza pale, wewe unajua.

#22 Kamba Sita, saa 1:05 usiku

Najua. Tumekumiss bwana.

#23 Mchawi wa Bati, saa 1:07 usiku

Uzi umegeuka harusi.

#24 Mzee wa Kanda, saa 3:15 usiku

Nilikuwa shambani kwenye zabibu, nimerudi nakuta kazi imeenda mbali. Imebaki sauti ya kuimba. Nimesikiliza kipande ulichonitumia pembeni, naomba niseme kitu ambacho vijana hamtakipenda.

Maneno hayasikiki, na fada, kile kitelezi cha kupandisha sauti, haina kosa. Kiswahili karibu kila neno linaishia na irabu. Wewe unaimba kama wale wa ng'ambo unaowapenda, unakata neno kwenye konsonanti kwa ukali. Usiku imekuwa "usik", narudi imekuwa "narud". Msikilizaji anasubiri irabu haiji, ubongo wake unakwama hapo na neno linalofuata limeshapita. Imba irabu ya mwisho. Ipigie kelele ukitaka, ikwaruze, lakini itoke. Utashangaa utakavyoshusha sauti kwenye miksi badala ya kuipandisha.

Rekodi ukiwa umeuelekea mlango wa kabati ulio wazi, nguo zikiwa ndani, mdomo shubiri moja kutoka kwenye maiki, au pungufu kidogo. Kipimo cha kuingilia, vilele viguse kama desibeli -12, usikimbilie sifuri; ukirekodi kwa biti 24 una nafasi ya kutosha huko chini. Kompresa moja, moja tu, uwiano wa 4 kwa 1, ipunguze desibeli 3 mpaka 6 pale unapopiga ukelele. Zile "sisi", "sasa", "shida" zikichoma sikio tafuta kati ya Hz 5,000 na 8,000. Riverbu iwe treki yake pembeni, ikatwe chini, usiiweke kwenye masta. Kinanda unanisikia.

Halafu magitaa yote mawili, punguza desibeli 2 karibu na Hz 3,000. Hapo ndipo maneno yanapopitia.

#25 Kinanda Kibovu, saa 3:20 usiku

Nakusikia mzee. Nimeitoa kwenye masta.

#26 Fundi wa Kwaya, saa 3:44 usiku

Mimi ningemwambia amiksi kwenye hedifoni tu, chumba chenyewe mnakijua. Hedifoni haina kona wala mraba.

#27 Mzee wa Kanda, saa 4:02 usiku

Hedifoni nayo ina uongo wake. Sikio la kushoto halisikii hata kidogo kilicho kulia, kwa hiyo kila kitu kinaonekana kipana na sauti ya kuimba inaonekana imekaa vizuri hata kama imezama. Amiksi kwenye spika kwa sauti ya chini, ya kiasi cha kuweza kuongea na mtu bila kupaza. Ukipandisha sana, sikio lenyewe linajiongezea besi na sauti za juu, kila kitu kinakuwa kitamu.

#28 Fundi wa Kwaya, saa 4:06 usiku

Mzee, mita 3 kwa 3.

#29 Mzee wa Kanda, saa 4:09 usiku

Hedifoni kwa kuchungulia besi. Spika kwa kuamua. Sitoki hapo.

#30 Fundi wa Kwaya, saa 4:10 usiku

Nami sitoki hapa.

#31 Ng'ombe Mkongwe, Jumanne saa 5:50 asubuhi

Na ukubwa wa sauti je? Nyimbo za wenzetu zinapiga, za hawa wa chumbani ziko chini. Nasikia lazima iwe -14 LUFS, kile kipimo cha ukubwa wa sauti ya wimbo mzima.

#32 Binti wa Zuzu, saa 6:20 mchana

Spotify hushusha au kupandisha nyimbo kuelekea -14 ili zilingane, haina maana wewe ulazimishwe kuitoa hapo. Rock nyingi hutoka juu ya hapo na zinashushwa tu. Asukume limita mpaka sneya ianze kupoteza mlio, arudi nyuma kidogo, kilele kisivuke desibeli -1. Basi. Hilo ni la siku ya mwisho.

La muhimu zaidi ni hili: akilinganisha wimbo wake na wa watu, ashushe wa watu mpaka vilingane ukubwa. Kinachopiga juu zaidi hata kwa desibeli moja, sikio litasema ndicho kizuri. Nimeona watu wakirudisha vitufe vibaya kwa sababu ya hilo tu. Mimi mwenyewe, mwaka mzima.

Wewe si ulisema apige singeli?

#33 Ng'ombe Mkongwe, saa 6:24 mchana

Nauliza tu.

#34 Kamba Sita, Jumapili iliyofuata, saa 1:30 usiku

Wakuu, mrejesho. Nimechelewa kwa sababu ya upepo, siku tatu mfululizo umekuwa unacheza na bati na maiki inadaka kila kitu. Sauti nimerekodi Alhamisi saa 10 alfajiri, kichwa kiko ndani ya kabati, irabu zote zipo. Mke wangu anasema sasa ndiyo kwanza ameelewa wimbo unahusu nini na ana maswali.

Nilianza miksi upya kabisa, fada zote chini. Kwanza dramu na besi. Nikaleta sauti. Magitaa mwisho, na kila nilipotaka kuyapandisha nilibonyeza mono kwanza. Kompresa zimebaki mbili wimbo mzima. Ile plagini ya kutanua nimeifuta kwenye kompyuta kabisa, sijiamini.

Nkuhungu: vikombe vimetulia. Dada ameniambia nipandishe sauti, neno ambalo sijawahi kulisikia kwake.

Simu: besi linasikika, dogo lakini lipo.

Bajaji: nimemtafuta dereva yuleyule, nimekuta kispika kilekile, mpira uleule. Nikakaa kimya nisimwambie kitu. Tumetoka Ilazo, tumefika mataa, gitaa lipo. Siyo pana, na haliwezi kuwa pana kwenye kispika kimoja, ila lipo, linakwaruza pale linapotakiwa kukwaruza. Kiitikio cha pili yule bwana akaanza kugonga usukani. Tulipofika Majengo akauliza, "Huyu aliyelia pale katikati ni nani?" Nikamwambia ni gitaa. Akasema hapana, yule mwingine.

#35 Mchawi wa Bati, saa 1:36 usiku

Yupi mwingine?? Na linki iko wapi?

#36 Kamba Sita, saa 1:41 usiku

Jogoo wa jirani. Dakika ya 2 sekunde ya 51, yumo ndani ya treki ya sauti, na nilivyoimba pale sijaweza kurudia tena. Tumepigiana simu na Ujiji, tumeamua abaki. Yuko kwenye A.

Linki kesho, namalizia sauti ya pili.